Ukikwama, Weka Kalamu Chini

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita, wilayani Kongwa, ameniandikia: "Shikamoo mwalimu. Swali la fizikia limenikeshesha hadi saa nane usiku, nikashindwa. Asubuhi niko kwenye foleni ya maji, ndoo mkononi, jibu likaja lenyewe. Kwa nini halikuja usiku nilipolihitaji?"

Marahaba, mdogo wangu. Anza na haya maneno matatu: nchi, maji, hewa. Tafuta neno moja likitangulia kila moja, lizae neno jipya.

Wengi hukimbilia mazingira: ardhi, mvua, hali. Maneno yenyewe yanakuvuta huko, na kadiri unavyokaza ndivyo unavyozidi kuzunguka palepale. Kisha ghafla: mwana. Mwananchi, mwanamaji, mwanahewa.

Mafumbo ya namna hii, ya Kiingereza, ndiyo waliyotumia watafiti wa ubongo Mark Beeman na John Kounios wa Marekani katika utafiti wao wa 2004, wakipima umeme wa ubongo na mtiririko wa damu. Jibu lilipokuja kwa ghafla, mawimbi ya kasi yaitwayo gama yaliruka upande wa kulia, juu kidogo ya sikio, kama sekunde 0.3 kabla mtu hajabonyeza kitufe kuonyesha amelipata. Kabla ya hapo, kisogoni, mahali pa kuona, yalipanda mawimbi ya polepole ya alfa. Ubongo ulikuwa unateremsha pazia ili macho yasiupigie kelele. Ndiyo maana mtu anayetafuta jibu hutazama dari au hufumba macho. Usimkaripie mtoto darasani kwa hilo.

Upande ule wa kulia hushika uhusiano wa mbali kati ya mambo, na sauti yake ni dhaifu. Njia uliyoizoea ina sauti kubwa, inaizima. Saa nane usiku, mdogo wangu, ulikuwa unaipigia debe njia iliyokosea.

Lakini foleni ya maji peke yake haina miujiza. Jibu lilikuja kwa sababu swali ulikuwa umeshalibeba. Fanya kazi kwelikweli, dakika 40 hivi, uandike swali kwa sentensi moja na chini yake mambo unayoyachukulia kuwa kweli bila kuyahoji. Hapo ndipo mtego hukaa. Mwanasaikolojia Karl Duncker aliwapa watu mshumaa, kiberiti na boksi lililojaa pini, wautundike mshumaa ukutani. Wengi walikwama, maana boksi waliliona ni la kuwekea pini tu. Wengine waliopewa pini nje ya boksi wakaona haraka kwamba boksi lenyewe linabanwa ukutani na kuwa kibao cha mshumaa. Basi na wewe toa pini kwenye boksi: taja kila kitu kwa umbo lake, siyo kwa kazi yake.

Ukirudia kosa lilelile mara ya tatu, simama. Chota maji, fagia, tembea. Simu iache ndani, maana ukianza kuperuzi pazia halishuki tena.

Na lala! Huku kwetu kukesha kunasifiwa kama ushujaa, na hilo linaniuma. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwapa watu kazi ya namba yenye kanuni iliyofichwa. Waliolala usingizi wa muda wa saa nane waliigundua zaidi ya mara mbili ya waliokesha. Utafiti wa Paris wa 2021 ukaonyesha kwamba hata kusinzia kidogo kunasaidia: waliopitia angalau sekunde 15 za usingizi mwepesi, 83% waliiona kanuni, dhidi ya 30% ya waliobaki macho. Waliozama kwenye usingizi mzito wakaikosa faida hiyo. Kwa hiyo mchana wa jua kali la Dodoma, kaa kwenye kiti chini ya mwarobaini, shika kijiko juu ya sufuria tupu. Ukisinzia kitaanguka, utaamka. Andika hapohapo ulichokuwa nacho kichwani, hata kama ni neno moja.

Kisha kikague. Wazo la uongo laweza kuja na furaha kama ya wazo la kweli, kwa hiyo kwenye fizikia rudisha jibu ndani ya mlinganyo na utazame vizio: ukitafuta nguvu ukapata mita kwa sekunde, rudi kwenye ile orodha ya mambo uliyoyachukulia kuwa kweli.