Maswali ya Wasomaji: Siku Moja Mji Mkongwe wa Unguja

Nitavuka kwa boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam na kurudi alasiri ya siku hiyohiyo. Nianzie wapi nisipoteze muda? (Msomaji, Morogoro)

Usianzie Forodhani, bustani ya ufukweni, ingawa ndiko miguu ya wengi inakowapeleka. Majumba ya ufukweni yanatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi nyuso zao ziko kivulini. Yaache ya mwisho.

Ukitoka bandarini Malindi, shika Barabara ya Mkapa kuelekea kusini mpaka soko la Darajani. Barabara hiyo imepita palipokuwa na mkono wa bahari, na ndiyo ukingo wa mji upande wa mashariki. Kutoka Darajani si mbali hadi Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana. Lilijengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa kwa mkataba wa Juni 1873 alioutia saini Sultani Barghash. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo, na ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Usipaharakishe hapa. Tenga saa nzima, na uwahi kabla makundi hayajajaa, kwa sababu vyumba vya chini vina dari fupi na watu wakizidi hewa inakuwa nzito.

Kisha kata vichochoro kuelekea magharibi, upitie Hamamni, utokee Ngome Kongwe. Waomani waliijenga baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, pale palipokuwa na kanisa la Wareno. Jirani yake ni Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, la mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020, hivyo usihesabu kuingia ndani kabla ya kuuliza. Malizia kwa Barabara ya Mizingani kurudi kaskazini. Kuanzia saa tisa alasiri jua linapiga roshani za mbao za ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyeanza kuijenga mwaka 1887. Hapo umeshafika karibu na boti yako. Usisahau kitambulisho, na uwe bandarini mapema.

Ramani ya simu itakudanganya vichochoroni, kwa kuwa kuta ndefu huvuruga mawimbi ya setilaiti. Ukipotea, fuata uelekeo mmoja bila kugeukageuka. Mji ni mdogo: baada ya dakika kumi au kumi na tano utatokea ama baharini ama Barabara ya Mkapa.

Waongozaji husema "huu mlango wa Kiarabu, huu wa Kihindi". Nitajuaje mwenyewe? (Msomaji, Tanga)

Tazama juu kwanza. Mlango wa asili ya Kiomani una kichwa kilichonyooka, na ubao wa juu umechongwa maua au aya ya Qur'ani. Mlango wenye upinde wa nusu duara juu umeathiriwa na Uhindi, na kwa kawaida ni wa baadaye, karne ya 19 ikielekea mwisho. Mlango wa Kigujarati nao hutengenezwa kwa vipande vidogo vya mraba vinavyokunjwa. Ulimfaa mfanyabiashara: aliukunja wote asubuhi, duka likawa wazi barabarani, naye akaishi ghorofani. Mwarabu alitaka kinyume chake, yaani ukuta mtupu usioonyesha kitu, fahari yote ikawekwa mlangoni.

Halafu shusha macho kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaofunika pale mabawa mawili yanapokutana, kisha kwenye miimo, yaani nguzo za pembeni. Mnyororo uliochongwa huzunguka pembeni. Chini, karibu na kizingiti, mara nyingi utaona samaki au mawimbi. Misumari mikubwa ya shaba imetoka Uhindi, ambako husemwa ilikuwa kinga dhidi ya tembo. Hapa imebaki pambo.

Ukiona mwaka wa Hijria kwenye ubao wa juu, usiupite. Punguza 3 kwa kila 100, kisha ongeza 622. Mwaka 1300 unakuwa 1261, na ukiongeza 622 unapata 1883. Waweza kukosea mwaka mmoja, si zaidi. Ila jihadhari: mlango huhamishwa, na umri wa mlango si lazima uwe umri wa nyumba.

Mbona nyumba kubwa hivi zina vyumba vyembamba, na kuta zinabanduka? (Msomaji, Mtwara)

Wembamba unatokana na boriti za mikoko zilizobeba dari. Boriti nzuri haivuki vizuri zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana chumba huwa kirefu lakini chembamba, hata kwa tajiri.

Kubanduka kunasikitisha zaidi, maana mara nyingi ni kosa la ukarabati. Kuta ni mawe ya matumbawe na udongo, zikapakwa chokaa. Hunyonya maji ya mvua na kuyatoa tena taratibu kupitia chokaa. Fundi akipiga plasta ya saruji, unyevu unakosa njia. Chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, plasta inavimba na kudondoka na jiwe lake, na ncha za boriti zilizomo ukutani zinaoza. Ukiona plasta ya kijivu iliyopasuka chini ya ukuta mweupe, ndiyo hiyo.

Je, nichukue mwongozaji? (Msomaji, Nakuru)

Kwa mara ya kwanza, ndiyo. Mwombe akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi kabla ya kumfuata, maana papasi, yaani vijana wanaowaganda wageni wakijifanya waongozaji, nao hukaa bandarini. Patana bei ya matembezi yote na saa zake, na uulize kama viingilio vimo. Ijumaa, maduka mengi hufungwa kati ya saa sita na saa nane kwa ajili ya swala. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, na viatu vyenye soli isiyoteleza, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Pikipiki ikipiga honi nyuma yako kichochoroni, panda barazani upesi.