Re: Mtoto anaota meno ya kahawia, niache dawa ya meno yenye floraidi?

Habari dada. Umesema mnaishi Usa River, Arusha, meno mapya ya mtoto wa miaka 7 yanatoka na madoa ya kahawia, na unailaumu dawa ya meno. Mimi ningeanza na maji, maana ya huko huwa na floraidi nyingi, madini ya asili yanayotia meno madoa yakizidi. Nimekulia huko huko chini ya Mlima Meru, na meno yangu ni ushahidi tosha!

Mnakunywa ya kisima? Yapeleke maabara yapimwe floraidi. Kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floraidi, maji yanapungua, floraidi inabaki. Sisi tulihamia maji ya mvua kwa kunywa na kupikia. Angalia na magadi mnayotia kwenye makande, nayo huwa na floraidi nyingi.

Dawa ya meno usiache. Floraidi ikigusa jino huliimarisha lisitoboke. Madoa hutokana na ile inayomezwa jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi. Weka kiasi cha punje ya njegere, ateme, asimeze.

Madoa yaliyopo hayatoki kwa mswaki, usimkwangue mtoto bure. Mpeleke kwa daktari wa meno ayaone, mimi sijayaona.