Mchezo upi unafundisha kusikiliza?

Swali: Ninaendesha mafunzo kwa viongozi wa vikundi vya wakulima wa parachichi wilayani Rungwe, watu kama ishirini kwa siku. Nimekuwa nikitumia mchezo wa kunong'onezana ujumbe kwa zamu. Watu hucheka sana, lakini majadiliano yakianza wanakatizana kauli kama kawaida. Nibadilishe nini?

Jibu: Ndugu mwezeshaji, mchezo huo si mbaya, ila unapima kitu kingine. Ujumbe unaponong'onezwa mara moja, na anayeupokea haruhusiwi kuuliza, kinachopimwa ni masikio na kumbukumbu (na mvua ya Tukuyu ikianza kupiga bati la ukumbi, hata masikio hayapimiki). Msikilizaji mzuri huhakikisha kwamba alichoelewa ndicho kilichokusudiwa, na nafasi hiyo mchezo huo haumpi.

Mimi hutumia zoezi la kuchora kwa kupeana mgongo. Washiriki huketi wawili wawili. Mmoja hushika mchoro wa shamba na kuueleza kwa maneno tu, naye mwenzake, mwenye karatasi tupu, huuchora. Katika raundi ya kwanza, ya dakika tano, mchoraji hasemi neno. Katika raundi ya pili, kwa mchoro mwingine wenye ugumu uleule, anauliza atakavyo. Kisha michoro yote hubandikwa ukutani kando ya ile ya awali. Siku moja msimuliaji alisema, "Nyumba iko juu ya kijito," akimaanisha upande wa mlimani. Mchoraji wake akaisimamisha nyumba katikati ya maji kama daraja. Wote wawili walikuwa makini, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba hakukosea.

Hapo ndipo penye kazi, kwa hiyo tenga muda wa mjadala usiopungua ule wa mchezo wenyewe. Usihubiri. Muulize mchoraji ni neno gani lililompoteza, na umuulize msimuliaji alijuaje kwamba mwenzake amemwelewa. Swali hili la pili ndilo hunyamazisha ukumbi.

Kuhusu kukatizana kauli, tumia kanuni iliyopendekezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, mwanzoni mwa miaka ya 1950: hakuna anayetoa hoja yake kabla ya kurudia hoja ya aliyemtangulia, kwa maneno yake mwenyewe, mpaka mwenye hoja akubali kwamba ndivyo alivyosema. Ijaribu kwa dakika kumi tu, maana inachosha, na uchague ajenda inayowagusa kweli, kama vile makato ya kikundi. Kwa mada baridi watu hurudia maneno kama kasuku.

Jambo moja zaidi: katika raundi ya pili, karatasi tupu wapewe kwanza wazee. Kijana huona uzito kumuuliza mzee mara mbilimbili, lakini akishamsikia mzee mwenyewe akisema, "Hapo sijakuelewa, rudia," naye hatasita zamu yake ikifika.