Shahawa nyepesi: je, mbegu zimekwisha?

SWALI: Nina miaka 31, mke wangu 26. Tunatafuta mtoto, sasa ni miezi tisa. Shahawa zangu ni nyepesi kama maji ya mchele, na mke wangu akisimama zinamwagika. Muuza dawa anasema mbegu zimekufa, ninunue dozi ya kuzifanya nzito. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hela ya dozi iache mfukoni. Mbegu hazionekani kwa macho, na uzito wa shahawa hausemi zipo ngapi. Maji mengi hutoka kwenye vifuko vilivyo nyuma ya kibofu, mengine kwenye tezi dume. Mbegu ni asilimia chache tu. Mwanamume aliyefunga uzazi hutoa shahawa zilezile, bila mbegu hata moja.

Shahawa hutoka zimeganda kama uji, kisha huyeyuka zenyewe ndani ya dakika 15 hadi 30. Kwa hiyo inategemea umezitazama baada ya muda gani. Mshindo wa pili siku hiyohiyo nao huwa mwepesi. Kumwagika kusikutishe: mbegu zenye mbio huwa zimeshaingia kwenye ute wa shingo ya kizazi.

Kinachojibu swali lako ni kipimo cha shahawa. Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, hata kwa punyeto. Toa kwa mkono, moja kwa moja kwenye kikopo cha maabara, bila sabuni, mate wala mafuta. Kondomu ya kawaida haifai, vilainishi vyake hudhuru mbegu. Matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi. Yakidondoka nje, mwambie mpimaji. Ukitolea nyumbani, kikopo kikae ndani ya shati karibu na mwili, kifike ndani ya saa moja. Friji hapana, na dashibodi ya gari juani ndiyo kabisa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021 unaweka kiwango cha chini kuwa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, asilimia 42 zinazotikisika na asilimia 4 tu zenye umbo zuri. Ndiyo, nne; wengi hushtuka bure hapo. Majibu yakiwa chini, si utasa bado: rudia kipimo. Kama uliugua homa kali, subiri miezi mitatu, maana mbegu moja hutengenezwa kwa siku kama 74 na bado inahitaji muda wa kukomaa. Na kama unachoma testosteroni (homoni ya kiume) ya kujaza misuli, mwambie daktari. Sindano hiyo huzima kiwanda chenyewe cha mbegu.

Kwa umri wa mkeo, madaktari husubiri miezi 12 ya kujaribu. Nenda mapema kama korodani moja haikushuka, au hedhi yake inarukaruka. Mkapimwe wote wawili.

SWALI: Nimeona damu kwenye shahawa mara mbili. – Msomaji, Kwale

JIBU: Kwa kijana mara nyingi hupita yenyewe, ila kama umewahi kuoga kwenye mabwawa ya huko, anza na kichocho. Peleka mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai ya minyoo ndipo huwa mengi. Dawa ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo: mwenye kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya chakula. Pima pia magonjwa ya zinaa. Ukiwa umevuka miaka 40, tezi dume nayo ikaguliwe.