Pointi nyingi zake, kombe la mwenzake

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha vijana tenisi shuleni. Katika fainali ya Wimbledon 2019 Federer alipata pointi 218 na Djokovic 204, lakini kombe akalichukua Djokovic. Takwimu zina faida gani basi? Na mimi nirekodi nini vijana wanapocheza?
Msomaji, Arusha

JIBU: Tenisi haihesabu jumla ya pointi, inahesabu gemu na seti: pointi hujenga gemu, gemu hujenga seti. Federer alishinda seti ya pili 6-1, na pointi zote alizolimbikiza humo zilimpa seti moja tu. Seti tatu zilifika taibreki (gemu ya kuamua seti wakiwa sare), na zote tatu zilikuwa za Djokovic. Katika seti ya tano Federer aliongoza 8-7 na 40-15, sevu (mpigo wa kuanzisha pointi) ikiwa yake, yaani alikuwa na nafasi mbili za kumaliza mechi. Pointi ya kwanza forihendi yake (mpigo wa upande wa mkono unaoshika raketi) ikatoka nje. Ya pili akakimbilia wavuni, Djokovic akampitishia mpira kwa mshazari. Jedwali la mwisho huzihesabu hizo mbili sawa na pointi yoyote ya seti ya pili.

Ndiyo maana safu ya kwanza ya karatasi yako iwe matokeo kabla ya pointi kuchezwa. Zinazofuata: sevu ya kwanza au ya pili, imeelekea wapi (pembeni, mwilini au katikati), idadi ya mipigo, pointi imeishaje na kwa mpigo gani. Safu tano zinatosha, ukizidisha mkono hauwahi.

Hesabu mipira iliyoingia tu, sevu ikiwemo: esi (sevu ambayo mpinzani haigusi) ni 1, sevu mbili zilizokosewa ni 0. Kisha zigawe pointi kwa idadi ya mipigo: 0–4, 5–8, 9 na zaidi. Hata kwa wachezaji wakubwa, pointi nyingi huishia kundi la kwanza, ilhali mazoezi mengi hutumika kurushiana mipira mirefu. Hapo ndipo utakapoona unachopaswa kubadilisha.

Sevu za upande wa kulia na wa kushoto usizichanganye. Mpinzani anayetumia mkono wa kulia, sevu ya pembeni toka kulia humfikia kwenye forihendi. Toka kushoto, kwenye bekihendi (upande wa pili).

Kinachogombanisha warekodi ni kosa la kujitakia. Kipimo chetu: je, aliufikia mpira miguu ikiwa imetulia? Kama ndiyo, kosa ni lake. Mtu mmoja aamue mechi nzima.

Baadaye chuja 30-30, 40-40 na nafasi za kuvunja gemu (pale asiyepiga sevu anapobakiza pointi moja kushinda gemu), uone sevu ya kijana hukimbilia wapi akibanwa. Ila pointi tatu katika sevu nne si asilimia 75 ya kujengea mbinu. Kusanya mechi kadhaa kwanza.