Uliza Tukujibu: Hela za NASA kwa kampuni ndogo, fundi wa Kigoma anaweza kuzipata?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni fundi umeme hapa Ujiji, nina karakana na vijana wawili, tunaunda taa za sola za wavuvi wa dagaa, zile wanazotumia usiku ziwani badala ya karabai. Shida yetu ni betri, zinachoka mapema halafu maji yakiingia kwenye boksi ndo basi tena. Sasa kuna jamaa kaniambia NASA, shirika la anga la Marekani, inawapa kampuni ndogo hela za utafiti, hazirudishwi, na nikimpa laki mbili na nusu atanisajili. Hii kitu ni kweli? Na mtu wa huku anaweza kupata? – Fundi, Ujiji

JIBU: Mdogo wangu, kabla ya yote hiyo laki mbili na nusu usiitoe. Mpango wenyewe upo, unaitwa SBIR, lakini kuomba hakuna ada na kujisajili kwenye mfumo wa serikali ya Marekani ni bure. Tena kampuni inayoomba lazima iwe ya Marekani, zaidi ya nusu ya umiliki iwe kwa raia au wakazi wa kudumu wa kule, na utafiti ufanyike hukohuko kwao. Sasa mtu anayekwambia atakusajili ukiwa Ujiji anataka tu hela yako, na kama ameshawapitia mafundi wengine hapo mtaani waambie mapema.

Ila barua yako imenifurahisha, maana mpango huu hata kama hela yake hatuipati, namna unavyoendeshwa inatuhusu sana. Mwaka 1982 bunge la Marekani lilipitisha sheria, Rais Reagan akaisaini, kwamba taasisi za serikali zinazotoa hela nyingi za utafiti kwa watu wa nje zitenge fungu kwa ajili ya kampuni ndogo, na sa hivi fungu hilo ni asilimia 3.2 kwa kila taasisi ambayo bajeti yake ya namna hiyo inazidi dola milioni 100 kwa mwaka. NASA ni mmoja tu, ulinzi, kilimo, nishati na afya nao wamo. Halafu "ndogo" yao ni mpaka wafanyakazi 500, yaani kwetu hicho ni kiwanda kikubwa kabisa.

Sasa sikiliza hapa. NASA haisemi njoo na wazo lolote, inatoa orodha ya matatizo yake yenyewe. Kwa mfano betri na mitambo itakayovumilia usiku wa Mwezini, ambao unachukua karibu siku 14 za kwetu na baridi inashuka chini ya nyuzi 100 chini ya sifuri, au namna ya kuzuia vumbi la Mwezini lisitafune viungo vya mashine. Unachagua tatizo moja, unaandika pendekezo. Ukipita, Awamu ya 1 kwa miaka hii ya karibuni ni hadi dola 150,000 kwa miezi 6, na kazi yako ni kuonyesha kama wazo linawezekana, basi, hakuna anayekuuliza umeuza ngapi. Wazo likigoma hudaiwi kitu. Likionyesha dalili nzuri unaomba Awamu ya 2, hadi dola 850,000 kwa miaka 2, hapo ndo unaunda chombo chenyewe. Awamu ya 3 fungu lile halipo tena, unatafuta mteja, na mteja anaweza kuwa NASA yenyewe. Muda wote huo serikali haichukui hisa kwako, na haki ya uvumbuzi inabaki ya kampuni.

Mfano mmoja naupenda sana. Darubini ya Hubble kule angani iliwekewa mwaka 1997 kifaa kinaitwa NICMOS, cha kuona mwanga wa infraredi, ule ambao macho yetu hayauoni, na kifaa hicho lazima kiwe baridi sana ndo kione, kwa hiyo walikipoza kwa bonge la nitrojeni iliyogandishwa. Lile bonge lilitakiwa lidumu zaidi ya miaka 4, lakini joto likapenya mahali lisipotakiwa na Januari 1999 barafu ikaisha, kifaa kizima hakioni. Kilichokuja kukiokoa ni mashine ya kupozea yenye turbini ndogo mno, ya kampuni ya Creare ya New Hampshire, teknolojia ambayo walikuwa wameipika kwa miaka mingi na hela za SBIR zikiwemo. Wanaanga waliifunga Machi 2002 na NICMOS ikaanza kuona tena. Yaani barafu ilipoisha, kazi ya kupoza kwa njia nyingine ilishafanyika sana mezani kwa watu wadogo, na hiyo ndo faida ya kulipia majaribio kabla shida haijafika.

Sasa turudi Ujiji. Watu wengi watakwambia nenda halmashauri kachukue mkopo wa asilimia 10, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu. Ni mkopo mzuri, hauna riba, ila mimi nakusihi usiutumie kujaribia betri. Ule ni wa kitu ambacho kinauzika tayari, na rejesho litakuja kila mwezi hata kama boksi bado linavuja, mwisho mtauza mashine za karakana. Na hapa nasema wazi linaloniuma, kwamba mafundi wetu wana mikopo ya biashara lakini hela ya kujaribu kitu kikashindikana bila kumfilisi mtu ni adimu mno. Halmashauri ingetenga hata kidogo kwa ajili hiyo, ikatangaza matatizo matano ya mwalo na kumlipa fundi ayajaribu, ningeshangilia.

COSTECH ndo tume yetu ya sayansi na teknolojia, inatangaza ufadhili wa utafiti na ubunifu kwa vipindi, na mashindano ya MAKISATU yaliyoanza 2019 yana kundi la wabunifu wa sekta isiyo rasmi, huhitaji digrii. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi hapo Kigoma, na TAFIRI wanaotafiti uvuvi wapo pia, kawaone. Lakini usiende na maneno "betri zinachoka". Chukua taa sita, tatu za boksi la zamani na tatu za boksi jipya lenye mpira kwenye mfuniko, wape wavuvi wa Kibirizi au Katonga wazitumie giza moja zima mpaka mbalamwezi itoke, kila asubuhi kijana wako apime volti, aandike taa iliwaka saa ngapi, afungue boksi aangalie kama kuna unyevu kwenye nati za betri. BMU, wale wasimamizi wa mwalo, wakusainie hilo daftari. Ukifika nalo ofisini mazungumzo yanakuwa mengine kabisa, maana umeshafanya Awamu ya 1 yako mwenyewe.

SWALI: Sisi ni kikundi cha wafuga nyuki Sikonge, Tabora. Moto wa msitu unatuunguzia mizinga kila kiangazi. Tumesikia setilaiti zinaona moto, hiyo huduma inalipiwa bei gani? – Katibu wa kikundi

JIBU: Ndugu katibu, hailipiwi. NASA wana huduma inaitwa FIRMS, inaonyesha kwenye ramani sehemu zenye moto duniani kote, kwa kawaida ndani ya saa 3 baada ya setilaiti kupita. Mnachora eneo lenu, mnaweka barua pepe, moto ukionekana humo mnatumiwa taarifa. Msiitegemee yenyewe tu lakini, setilaiti haipiti muda wote, wingu zito linaficha moto, na alama mnayoiona ni ya katikati ya eneo la kama mita 375, kwa hiyo moto wenyewe unaweza kuwa pembeni kidogo, mkifika msikate tamaa, zungukeni. Doria yenu na njia za kuzuia moto ziendelee vilevile. Na barua pepe mtakazoandika ziwe angalau za watu wawili wenye bando muda wote, mmoja wao awe anakaa karibu na mizinga.