Cahuzac na tamko la maslahi Ufaransa

Umeuliza wabunge wa Ufaransa walianzaje kutangaza maslahi yao hadharani. Kwa kiasi kikubwa ni kwa sababu ya Jérôme Cahuzac. Alikuwa daktari wa kupandikiza nywele, akawa mbunge wa Chama cha Kisoshalisti na meya wa Villeneuve-sur-Lot, kisha 2012 akapewa uwaziri wa bajeti. Yaani yeye ndiye wa kuwabana wakwepa kodi! Desemba mwaka huo Mediapart, gazeti la mtandaoni la uchunguzi, wakaandika kwamba ana akaunti ya siri Uswisi. Akakana bungeni bila kupepesa macho. Machi 2013 akajiuzulu, Aprili akakiri kwamba akaunti ipo, ikiwa na kama euro 600,000.

Mwaka huohuo ikatungwa sheria iliyozaa mamlaka ya uwazi, HATVP. Sasa tamko la maslahi la mbunge, pamoja na kazi zake za zamani na hisa zake, unalisoma mtandaoni. La mali, hapana: mpiga kura anakwenda ofisi za serikali mkoani, analisoma palepale, na akilichapisha anaweza kupigwa faini ya euro 45,000.

Cahuzac hakuwa wa mwisho kuumbuka: Msoshalisti mwenzake, Thomas Thévenoud, alidumu serikalini siku 9 tu mwaka 2014. Ilibainika hakuwa akitangaza na kulipa kodi zake inavyotakiwa, akajitetea eti anaogopa makaratasi.